Likizo ya kujilaza Koufonisia: anza kupanga na siku ya kurudi

Wadau, ukitaja Ugiriki wengi akili inaenda Santorini, zile nyumba nyeupe na mapaa ya blu. Nimefika, pazuri sana, ila kupumzika hupumziki maana hata kuangalia jua linazama unapanga foleni na mtu wa nyuma anakusukuma na kijiti cha selfi. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kulala, kuogelea, kula samaki, kulala tena. Nimeenda Koufonisia mara tatu sasa, mara ya kwanza nikaharibu, mara ya pili nikajirekebisha, ya tatu hata mama watoto alikubali kwamba safari hii baba umepanga.

Koufonisia kiko kwenye Cyclades, kundi la visiwa vya Ugiriki, kati ya kisiwa cha Naxos na cha Amorgos. Kwa kweli ni viwili, Ano Koufonisi cha juu ambako watu wanaishi na Kato Koufonisi cha chini ambacho karibu kitupu. Hicho cha juu hakifiki kilomita za mraba 6, wenyeji ni kama 400 hivi, kijiji ni kimoja tu wanakiita Chora. Hakuna uwanja wa ndege, na hicho ndicho kinachokilinda. Ukisikia kuna uwanja wa ndege kisiwa fulani jua na makundi yapo.

Hatua ya 1: panga kurudi kabla ya kwenda

Najua inasikika kama utani. Mara ya kwanza nilikata tiketi ya ndege ya kurudi Ujerumani saa nne usiku, meli ya kutoka kisiwani ilikuwa iondoke asubuhi siku hiyo hiyo, nikajiona mjanja nimeokoa usiku mmoja wa hoteli. Asubuhi tumefika gatini na mabegi, jua kali, mbingu blu haina hata wingu, na meli hakuna. Imezuiwa na upepo. Nikamwambia mzee mmoja pale mbona hali ya hewa nzuri, akacheka akanionyesha bahari huko nje, nyeupe yote kwa mapovu. Kampuni ya meli ikatuhamishia meli ya kesho yake bila shida, lakini watu wa ndege upepo wa baharini hauwahusu, tiketi zikaungua, za watu watatu, mpya tukanunua kwa bei ya dakika za mwisho ambayo sitaitaja hapa kwa sababu mke wangu anasoma.

Upepo wenyewe unaitwa meltemi. Ni kama kusi likichachamaa kwetu, ila huu unatoka kaskazini na unakuja na jua, ndiyo maana mgeni unadanganyika. Nguvu yake ni Julai na Agosti, unaweza kupiga siku tatu, hata wiki. Wanaupima kwa Beaufort, kipimo cha nguvu ya upepo baharini, ukifika 8 hata meli kubwa nyingi zinazuiwa na mamlaka ya bandari, zile za kasi na vile vidogo vinakwama mapema zaidi.

Kwa hiyo kanuni ni hii na usiivunje: usiku wa mwisho wa likizo unalala Athens, sio kisiwani. Ukiweza na usiku wa kabla yake ulale Naxos, ambako meli ni nyingi na kuna uwanja wa ndege mdogo, bora zaidi. Andika tarehe ya ndege, rudi nyuma siku moja au mbili, hapo ndipo unapotoka Koufonisia. Ndiyo sasa tunaweza kuzungumza mambo mengine.

Hatua ya 2: chagua mwezi, na mwezi sio Agosti

Agosti kinajaa kinapasuka. Wagiriki wenyewe wote wako likizo, tarehe 15 Agosti ni sikukuu kubwa ya Bikira Maria, na Waitaliano nao wanakuja kwa mashua. Bei za vyumba zinapanda hata mara mbili ya Juni, na upepo ndio uko kileleni. Kama watoto wako shule na huna namna, basi wiki ya mwisho ya Agosti kidogo kunapungua.

Mimi napenda nusu ya pili ya Juni au wiki tatu za mwanzo za Septemba. Juni mchana ni mrefu, kuna giza baada ya saa tatu usiku, ila maji ya bahari bado yana kaubaridi, kwa sisi tuliozaliwa Tanga utapiga kelele dakika mbili za kwanza halafu utazoea. Septemba maji yameshapata joto la msimu mzima, digrii 24 hivi, na mikahawa bado iko wazi. Mei kuzuri kwa kutembea kwa miguu, kuogelea ni kwa Wajerumani. Oktoba ikiingia wanaanza kufunga, na Januari hata usiniulize, kunabaki wavuvi na paka.

Hatua ya 3: karatasi

Kama unaishi nchi ya Schengen (zile za Ulaya zinazotumia viza moja, Ugiriki imo) na kibali chako kiko hai, hauhitaji viza, beba kadi ya kibali NA paspoti, vyote viwili, nasisitiza maana kuna ndugu yetu alibeba kadi tu akarudishwa kaunta. Ukiwa Uingereza na paspoti ya Tanzania au Kenya, viza ya Schengen unahitaji, hata kama una kibali cha kuishi Uingereza.

Mnaotoka nyumbani: ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka 12, chini ya hapo bure. Bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000. Maombi yanafunguliwa miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, lakini ukisubiri siku 15 unajitafutia presha bure, weka miezi mitatu. Unaomba kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi, kwa hiyo kama ni siku kumi Ugiriki na mbili kwa shangazi Paris, unaomba Ugiriki. Na tangu Oktoba 2025 mipakani wameanza mfumo mpya wa kuchukua alama za vidole na picha badala ya mhuri, usikae na muda mdogo wa kuunganisha ndege.

Hatua ya 4: meli

Kutoka Athens unapandia bandari ya Piraeus. Uwanja wa ndege kuna treni ya metro, laini namba 3, inakuleta mpaka Piraeus bila kubadilisha, kama saa zima hivi, tiketi euro 9. Usiku kuna basi X96 linatembea masaa 24. Teksi acha, labda mko wanne na mabegi.

Meli za kwenda Koufonisia ni za aina mbili. Kuna kubwa za kawaida, Blue Star ndiyo watu wengi wanapanda, inachukua masaa saba au nane, kiti cha kawaida kama euro 40 hadi 50. Mtoto chini ya miaka 5 bure na mpaka 10 nusu bei. Halafu zipo za kasi, masaa manne au matano, bei inakaribia mara mbili. Kila mtu anakimbilia za kasi. Mimi nasema chukua kubwa: unakaa juu nje, unakula sambusa zao za spinachi, mtoto anakimbia, na bahari ikichafuka haikurushi kama ile nyingine ambayo umefungiwa ndani kama soda kwenye kreti. Tiketi unanunua kwenye Ferryhopper, tovuti ya tiketi za meli, au tovuti ya kampuni yenyewe, majina yaandikwe kama yalivyo kwenye paspoti.

Njia nyingine ni kwenda Naxos kwanza, kwa meli au kandege kadogo kutoka Athens, halafu pale Naxos unapanda Express Skopelitis. Hiki ni kimeli kidogo cha kizee kinachozunguka Irakleia, Schinoussa, Koufonisia, Donousa mpaka Amorgos, kinabeba watu, mikate, friji, mbuzi, kila kitu. Mpaka Koufonisia ni kama masaa mawili na nusu. Kinayumba. Ukiwa na tumbo jepesi meza kidonge mapema, sio kikishaondoka.

Mambo mawili ya meli watu hawaambiwi. Moja, saa. Tiketi ya 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi, mimi kwa kuzoea ya Ulaya nikamwambia mama mdogo aliyekuja kututembelea "meli ni saba na nusu" naye kwa akili zake timamu akajipanga kwa mchana, tulikimbia Piraeus kama wezi. Mbili, visiwa vidogo meli inasimama dakika chache tu. Wakitangaza jina la kisiwa chako usiendelee kunywa kahawa, shuka chini kule yanakopaki magari, chukua begi lako kwenye rafu (zimeandikwa majina ya visiwa, weka lako kwenye jina sahihi tangu Piraeus), simama tayari. Mlango unaanza kushuka wakati meli bado inageuka, minyororo inapiga kelele, mabaharia wanafoka, ukitua gatini haujakaa sawa meli imeshaondoka. Mwanangu wa miaka 7 anasema hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote.

Hatua ya 5: chumba

Hapa ukichelewa umekwisha, vyumba ni vichache. Kwa Septemba naanza kutafuta Februari. Usitafute hoteli ya ghorofa tano hakuna, tafuta vyumba vya kupangisha vya familia, wao wanaita domatia: chumba, bafu, friji ndogo, jiko la kuchemshia chai, kibaraza. Kibaraza ni muhimu kuliko televisheni, utakaa hapo kila jioni.

Pitia bei kwenye mitandao ya buking halafu mwandikie mwenye nyumba moja kwa moja, mara nyingi anakupunguzia kidogo. Muulize kitu kimoja: je mnakuja kupokea wageni gatini? Wengi wanakuja na kigari kubebea mabegi, wewe mwambie tu unakuja na meli gani. Ukae ndani ya kijiji au pembeni haina shida sana, kila mahali ni kwa miguu. Gari usikodi wala usije nalo, utaendesha dakika tano barabara imeisha.

Kuna kodi ya serikali ya kila usiku, haimo kwenye bei ya mtandaoni mara nyingi, unalipa ukifika. Aprili hadi Oktoba vyumba vya kawaida na hoteli za nyota moja au mbili ni euro 2 kwa chumba, nyota tatu 5, nyota nne 10, nyota tano 15. Apatimenti za mtandaoni ni 8. Kwa chumba, sio kwa kichwa, wasikuzidishie.

Ukikuta kumejaa, angalia Schinoussa, jirani tu na kimya zaidi, au Irakleia. Donousa ni kwa wale wanaotaka hata simu wasiishike.

Hatua ya 6: ukishafika, usipange

Mama watoto mara ya kwanza alikuja na ratiba ya kila siku, nikamwomba aiweke kwenye begi. Fukwe zimejipanga upande mmoja wa kisiwa kama shanga, unatoka kijijini unafuata njia ya pembeni ya bahari na pwani yako kuliani. Kwanza Ammos, hapo hapo kijijini karibu na gati, watoto wa wenyeji wanacheza mpira. Dakika kumi na tano ishirini unafika Finikas, halafu Fanos, halafu Italida ambayo wengine wanaiita Platia Pounta, mchanga mweupe na maji ya rangi ile ya Mnemba kabisa. Mwisho kabisa ni Pori, ghuba pana, kama saa zima kwa miguu kwa mwendo wa mtoto, na kuna vimashua vinavyobeba watu kutoka gatini ukichoka. Katikati kuna mapango na mashimo kwenye miamba, moja wanaliita Jicho la Shetani, na lingine kama bwawa la asili ambapo vijana wanaruka. Mwamba ule unakata, vaa viatu.

Watu wa pwani mtashangaa kitu: maji hayapwi. Ukiwa Paje unaamka bahari imeenda zake kilomita nzima huko, wamama wanalima mwani. Huku ukiweka taulo lako asubuhi jioni bahari iko pale pale. Na chumvi yake ni kali kuliko yetu, unaelea bila kujitahidi, ila macho yanawasha. Papa usiwaze, waangalie wale wenye miiba myeusi kama nungunungu wanaokaa kwenye mawe.

Kivuli ni tatizo. Fukwe nyingi hazina miavuli ya kukodi, miti ni michache, ile iliyopo ukiiona kwa mbali utasema mvinje. Nunua mwavuli kijijini siku ya kwanza. Na tusidanganyane eti sisi weusi hatuungui, mimi nimebanduka pua. Pale penye vitanda vya kukodi, sheria ya 2024 inasema asilimia 70 ya ufukwe ibaki wazi na vitanda vikae mita 4 kutoka kwenye maji, kwa hiyo una haki ya kutandika khanga yako, usifukuzwe na kijana wa vitanda. Halafu fukwe za mbali watu wengine wanavua zote. Zote. Mama mdogo aligeuza shingo akaangalia mlima mpaka tulipoondoka.

Saa tisa mpaka saa kumi na moja na nusu alasiri ni muda wa kulala, kisiwa kizima kinanyamaza, usipige muziki. Chakula cha usiku kinaanza saa tatu. Ukienda saa kumi na mbili utakula peke yako na paka.

Hatua ya 7: kula

Pweza mnakuta ameanikwa kwenye kamba mbele ya mgahawa kama nguo, wanamponda kwenye mawe kama kwetu, wanachoma kwa mkaa, limau na mafuta ya zeituni. Sio wa Forodhani, hauna pilipili, beba yako (mimi nabeba kichupa, hawakasiriki). Samaki mzima anauzwa kwa kilo, kwa hiyo kabla hajaingia jikoni nenda kamwone, apimwe mbele yako, uliza jumla ni ngapi. Hapo ndipo wageni wanalia bili ikija. Mkate ukiletwa mezani bila kuagiza mara nyingi unalipiwa, euro moja hivi kwa mtu.

Kwa wasiokula nguruwe: nyama ya vijiti na ile ya kuzunguka mara nyingi ni nguruwe. Neno lake ni hirino, kuku ni kotopoulo. Halali kisiwani usitegemee, ila samaki, dengu, jibini, nyanya, mayai, hutalala njaa. Na utasikia maneno unayoyajua: bamia wanaita bamies, sabuni sapouni, chai tsai. Kahawa yao ya kisufuria ukimpa mzee wa baraza Tanga atauliza tangawizi iko wapi ila atainywa. Angalizo, "ne" kwao ni ndiyo.

Maji kunywa ya chupa. Nusu lita kwenye vibanda na melini bei yake imepangwa na serikali, senti 50, akikuambia euro moja na nusu mwonyeshe mwenzio aliyenunua melini.

Begini

Viatu vya majini, kofia yenye kamba maana upepo utaichukua, sweta moja la jioni, khanga mbili, dawa zako zote kwa sababu kisiwani kuna kazahanati kadogo tu na kitu kikubwa unapelekwa Naxos, keshi kiasi kama mashine ya pesa ikigoma. Karatasi ya chooni haitupwi kwenye choo, inatupwa kwenye ndoo, mabomba yao membamba, mwelezeni mtoto mapema.

Siku ya kuondoka

Usiku wa kabla fungua programu ya upepo kwenye simu, halafu muulize mwenye nyumba, yeye anajua kuliko simu. Akisema kesho "apagoreftiko" maana yake meli zimezuiwa. Usipaniki. Mwambie mapema aangalie kama chumba kiko wazi usiku mmoja zaidi, wasiliana na kampuni ya meli wakuhamishe, tuma meseji hoteli ya Athens kwamba unachelewa. Una siku yako ya akiba, si ndiyo? Basi rudisha begi chumbani, shuka kijijini, kaa ule upande ambao ukuta unazuia upepo, agiza pweza mwingine.